Ushuru wa sarafu za mnadani: Mali bila daftari hupotea bila habari

MWAKA wa 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Wajerumani waliotawala Tanganyika walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmja wa sarafu hiyo una picha ya tembo aliyesimama mbele ya mlima. Leo hii, wakusanyaji wa sarafu huing’ang’ania minadani, sawa na rupia ya fedha ya mwaka wa 1888 iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa ikiwa na jina la Mombasa.

Minada mingi ya sarafu za aina hii hufanyika Ulaya na Marekani. Nchini Marekani, pindi dalali anapogonga nyundo, muuzaji hupata fedha na papo hapo hupata wajibu wa kutoa hesabu kwa idara ya ushuru ya nchi hiyo, IRS. Wajibu huo haumhusu raia pekee. Mhamiaji mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu pia hutakiwa kutangaza mapato yake kutoka popote duniani, hata kama sarafu yake imeuzwa London.

Sheria ya Marekani huziweka sarafu katika kundi moja na michoro, stampu na vitu vya kale. Faida ya sarafu iliyomilikiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa ushuru usiozidi asilimia 28, ilhali kilele cha ushuru wa hisa zilizowekwa kwa muda kama huo ni asilimia 20. Asiye na mapato makubwa hulipa kiwango chake cha kawaida kikiwa chini ya asilimia 28. Sarafu iliyouzwa kabla ya kupita mwaka mmoja hutozwa kama mshahara, na kiwango cha juu kabisa ni asilimia 37. Mbali na hayo, majimbo mengi yana ushuru wake.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kwamba kinachotozwa ushuru ni faida, si bei ya mnadani. Tuseme mtu alinunua sarafu ya Tabora kwa dola 2,000, akalipa na ada ya mnunuzi ya dola 400. Gharama yake ni dola 2,400. Baada ya miaka mitano, sarafu hiyo inauzwa kwa dola 5,000, na kampuni ya mnada inakata kamisheni ya dola 500. Anabaki na dola 4,500, na faida yake ni dola 2,100. Ushuru wa asilimia 28 ni dola 588.

Mtu huyo huyo akiwa hana risiti, IRS inaweza kuihesabu gharama yake kuwa sufuri. Hapo ushuru utatozwa kwa dola 4,500 zote, naye atadaiwa dola 1,260. Karatasi moja iliyopotea itakuwa imemgharimu dola 672.

Mrithi ana hesabu yake. Gharama yake huwa thamani ya sokoni ya sarafu siku aliyofariki mwenyewe, wala si bei aliyonunulia marehemu. Kama siku hiyo sarafu ilikuwa na thamani ya dola 4,000, faida katika mfano wetu ni dola 500, na ushuru ni dola 140. Ndiyo maana inafaa jamaa wa marehemu wamwite mthamini mapema na kuhifadhi ripoti yake. Aliyepewa sarafu kama zawadi na mtu aliye hai hana nafuu hiyo. Anapopata faida, huchukua gharama ya yule aliyempa.

Mauzo huandikwa katika Fomu 8949, kisha jumla huhamishiwa Schedule D. Anayefanya biashara ya sarafu kila siku hutumia Schedule C, na faida yake hutozwa pia mchango wa waliojiajiri, ambao ni asilimia 15.3. Hasara ya sarafu zilizonunuliwa kama kitega uchumi huweza kupunguza faida nyingine, lakini hasara ya zile zilizowekwa kwa starehe tu haikubaliwi.

Kuna pia Fomu 1099-K, ambayo mitandao ya malipo hutuma kwa muuzaji na kwa IRS. Sheria ya mwaka wa 2025 ilirejesha kiwango cha zamani, yaani mauzo yanayozidi dola 20,000 na shughuli zaidi ya 200 kwa mwaka. Wapo wanaodhani kwamba asiyepokea fomu hiyo hadaiwi kitu. Hilo ni kosa. Faida hutangazwa, fomu ije isije.

Kwa hivyo, mwenye sarafu anashauriwa kuandika tarehe aliyoinunua, bei, ada na jina la aliyemuuzia, na kuweka picha yake pamoja na risiti. Baada ya kuiuza, aambatanishe taarifa ya mnada na kuzihifadhi karatasi hizo kwa angalau miaka mitatu tangu awasilishe hesabu za mwaka huo wa mauzo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbele ya mtoza ushuru, daftari ndiyo shahidi wa pekee.