Feni ya kompyuta: kwa nini taa hufifia ukipunguza kasi

Ukiingia steshenari za Mpanda mjini utakuta kompyuta ya mezani ambayo boksi lake, lile wengi wetu tunaliita sipiyu, linawaka taa za bluu au nyekundu. Mara nyingi taa hizo zimo ndani ya feni ya kupoza. Mwenye duka akipunguza kasi ili kelele ishuke, taa nazo hufifia, na pengine huzimika kabisa. Hapo huamua feni imekufa, akanunua nyingine. Kumbe feni ni nzima.

Sababu iko kwenye nyaya. Feni hizi hutumia umeme wa DC wa volti 12, kama wa betri. Yenye nyaya tatu ina waya hasi, waya chanya, na wa tatu wa kupeleka taarifa: kila mzunguko mmoja feni hutuma mapigo mawili, kompyuta huyahesabu na kujua kasi. Njia ya kuiambia ipunguze mwendo ni kuipunguzia umeme wenyewe, tuseme kutoka volti 12 hadi 7. Kwa kuwa taa zimeungwa kwenye umeme huohuo, nazo zinapunjwa.

Taa moja ya LED ya bluu huhitaji takribani volti 3 ndipo iwake. Zikiungwa tatu kwa mfululizo zinataka kama volti 9. Ukishusha hadi 7 taa zinazimika, lakini mota ya feni nyingi bado inazunguka. Nyekundu hutosheka na kama volti 2 kila moja, kwa hiyo huchelewa kuzimika.

Feni ya nyaya nne ni habari nyingine. Volti 12 zinabaki palepale muda wote, na waya wa nne ndio unaobeba amri ya kasi kwa kuwasha na kuzima haraka mno, kiasi cha mara 25,000 kwa sekunde. Mota inapunguza mwendo, taa zinabaki na mwanga wake. Zipo pia feni ambazo taa zina plagi yake peke yake. Hapo kuwa mwangalifu: baadhi ya taa hizo ni za volti 5 na nyingine za volti 12. Ya volti 5 ukiichomeka kwenye 12 inaungua papo hapo.

Ukichomeka feni ya nyaya tatu kwenye soketi ya pini nne ikakimbia kasi yote bila kutii, ingia kwenye Baiosi, sehemu ya feni, uchague udhibiti wa volti badala ya PWM. Itatii, na taa zitafifia kama tulivyoeleza.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kinyume chake. Taa inaweza kuwaka vizuri kabisa huku feni imekwama kwa vumbi, na vumbi la kiangazi cha Katavi tunalijua sote. Kwa hiyo usipime upoaji kwa mwanga. Weka kiganja nyuma ya boksi usikie upepo, au soma kasi kwenye Baiosi. Unapopuliza vumbi, zima kompyuta na ushikilie panga za feni kwa kidole. Zikizungushwa ovyo na blowa, beringi huumia.

Kwa msikilizaji wa kijijini aliyeokota feni ya kompyuta mbovu akataka kuifunga kwenye sola, yako mambo mawili. Kwanza, betri ya volti 12 inapochajiwa hufika kama volti 14.4. Mota nyingi huvumilia, taa ndizo zinazoumia: taa tatu za bluu zikishachukua volti 9, kipingamizi kilichobebeshwa volti 3 sasa kinabeba 5.4, na umeme unaopita kwenye taa unaongezeka karibu mara mbili. Funga kipunguza volti katikati. Kuunga moja kwa moja kwenye paneli bila betri ni hatari zaidi, maana paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa hata 20 jua likiwa kali.

Pili, usiamini rangi. Kwenye feni nyingi za nyaya tatu chanya ni nyekundu na njano ni ya taarifa. Kwenye nyingi za nyaya nne njano ndiyo chanya. Nyingine zina nyaya nyeusi tupu. Kisichobadilika ni mpangilio kwenye plagi: wa kwanza hasi, wa pili chanya, wa tatu taarifa, wa nne amri. Kwenye sola unahitaji wa kwanza na wa pili tu. Funika ncha za nyaya zilizobaki kwa tepu, na feni ya nyaya nne itakimbia kasi yake yote.