Kelele za breki za diski katika baiskeli ya watu wawili

BAISKELI ya watu wawili hubeba uzito unaokaribia maradufu ya ule wa baiskeli ya kawaida, lakini kwa kawaida hutegemea breki mbili zile zile. Kwa sababu hiyo, breki zake za diski zinapoanza kupiga mayowe, jambo hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa kero ya masikio tu.

Anayekaa nyuma mara nyingi hana mkono wa breki. Katika mbio za Paralimpiki, ambako wanamichezo wasioona hukaa nyuma ya rubani anayeona, usalama wa wawili hao umo mikononi mwa aliye mbele.

Kelele hutokana na mtetemo. Pedi hukishika na kukiachia kisahani cha chuma mara nyingi kwa sekunde, na mtetemo huo huenea hadi kwenye uma na fremu. Chanzo huwa ni mafuta juu ya kisahani, pedi zilizoungua zikawa laini kama kioo, bolti zilizolegea au kalipa isiyokaa sawa.

Aina ya sauti husaidia kutambua kasoro. Mlio mkali wakati wa kufunga breki huashiria mafuta au pedi zilizoungua. Mkwaruzo unaojirudia kila gurudumu linapozunguka huashiria kisahani kilichopinda. Sauti ya chuma kusaga chuma humaanisha kuwa pedi zimekwisha, na safari isimamishwe mara moja.

Kazi ianze na bolti. Zile za kalipa kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya kati ya niutoni mita 6 na 8. Kisha kisahani kifutwe kwa tambaa safi lililoloweshwa alkoholi ya aisopropili, bila kukigusa kwa vidole. Pedi zilizoungua zisuguliwe kidogo kwa msasa juu ya sehemu bapa. Zilizonyonya mafuta zitupwe.

Ili kuiweka kalipa sawa, bolti zake mbili hulegezwa, mkono wa breki hubanwa na kushikiliwa, kisha bolti hukazwa kwa zamu. Kwa breki za mafuta, mkono usibanwe gurudumu likiwa limetolewa.

Unene nao upimwe. Visahani vingi vya Shimano huwa na milimita 1.8 vikiwa vipya, na hubadilishwa vikifikia 1.5. Pedi zake hubadilishwa zikibaki na milimita 0.5.

Pedi mpya au zilizosuguliwa sharti zizoeshwe. Baiskeli iendeshwe kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa mahali salama, kisha breki ifungwe taratibu hadi mwendo wa mtu atembeaye, bila gurudumu kukwama. Zoezi hilo lirudiwe mara 20 hivi kwa kila breki.

Kwenye miteremko mirefu, kufunga breki mfululizo huziunguza pedi. Ni heri kufunga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha kuachia zipoe. Pedi za madini huvumilia joto zaidi kuliko zile za utomvu, ingawa hupiga kelele zaidi.

Oili isitiwe kamwe kwenye kisahani ili kutuliza mlio. Mlio utanyamaza, lakini baiskeli haitasimama.