Nyumba Tupu za Pate: Nani Anayeambiwa katika Al-Inkishafi?

Miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili zinazosomwa katika vyuo vyetu, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ndiyo ambayo taswira zake hukaa zaidi katika kumbukumbu ya msomaji. Kwa maoni yetu, ndiyo pia inayofasiriwa kwa haraka kupita kiasi. Mwanafunzi akiulizwa dhamira ya utungo huu hujibu bila kusita: matajiri wa Pate walijivuna, wakamsahau Mwenyezi Mungu, naye akawaangusha, na magofu yao ni ushahidi. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, na kwa sababu hiyo ni vigumu kulikosoa. Hata hivyo, katika mkoa kama Ituri, ambako magofu si jambo la kusimuliwa tu, hapana budi kuuliza jibu hilo linatupeleka wapi. Ikiwa kila nyumba iliyobomoka ni ushahidi wa kosa la mwenyewe, tutasema nini juu ya nyumba zilizobomoka katika maeneo ya Djugu na Irumu?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utungo wenyewe hautoi hukumu hiyo. Ili kulithibitisha hilo, tutatazama kwanza mji na wakati wa mshairi, kisha jinsi utungo ulivyofasiriwa na vizazi mbalimbali, na hatimaye mambo mawili ya ndani ya utungo: mpangilio wa taswira na nafsi inayoambiwa.

Mji na wakati wake

Pate ni mji ulio katika kisiwa cha jina hilo, kwenye funguvisiwa la Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Chini ya watawala wa ukoo wa Nabahani mji huu ulipata utajiri wa biashara ya bahari, na pamoja na utajiri huo ukapata wanazuoni na washairi. Chuo cha Herekali, kijulikanacho pia kama Utendi wa Tambuka, kilitungwa huko na Mwengo bin Athumani mwaka 1728. Mwanzoni mwa karne ya 19 nguvu za Pate zilikuwa zikififia. Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wapate pamoja na washirika wao wa Mombasa, viliukata mji huo mkono. Baadaye mamlaka ya Waomani yalienea katika pwani yote, na Pate haikuinuka tena kama zamani.

Wataalamu wengi huuweka utungo wa Sayyid Abdallah katika miongo hiyo ya mwanzo ya karne ya 19. Umbo lake linafahamika: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 10, na pumziko huwa baada ya mizani ya 6. Mishororo mitatu ya kwanza hulingana kwa kina, na kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka. Msomaji azingatie kwamba mshairi hakuuita utungo wake maombolezo ya Pate, wala habari za Pate. Aliuita kifunuo.

Jinsi ulivyofasiriwa

Utungo ulihifadhiwa kwa nakala za mkono za herufi za Kiarabu na katika vifua vya watu wa Lamu na Pate. Kwa wenyewe ulikuwa ni mawaidha. Ulipochapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha sarufi cha C. H. Stigand, pamoja na tafsiri ya mmisionari W. E. Taylor, uliingia mikononi mwa wasomaji wa aina nyingine, waliouona kama kioo cha ulimwengu wa Waswahili. Mwaka 1939 William Hichens alitoa chapa yake huko London, akaupa jina dogo lenye maana ya kuamka kwa roho. James de Vere Allen alifuata mwaka 1977 kwa chapa ya Nairobi.

Katika safari hiyo mikabala miwili ilijitokeza. Mkabala wa kwanza ulikuwa wa kidini, ukisisitiza kwamba dunia ni mapito. Mkabala wa pili ulikuwa wa kihistoria: magofu ya utungo yalichukuliwa kuwa picha halisi ya kuanguka kwa Pate, na msomaji akaalikwa kutafuta sababu za anguko hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980, uhakiki wa kijamii uliposhika nguvu katika vyuo vya Afrika Mashariki, mkabala wa pili ulipata sura mpya. Mali ya waungwana ikatazamwa kama mali ya tabaka linalotawala, na magofu yakawa hukumu ya historia juu ya tabaka hilo.

Ajabu ni kwamba mikabala hii miwili, ingawa inapingana katika mengi, inakutana mahali pamoja. Wote wanaichukua nyumba tupu kuwa ni hukumu. Kwa mmoja hakimu ni Mungu, kwa mwingine hakimu ni historia; lakini mshitakiwa ni yule yule, naye ni aliyekuwa akikaa ndani ya nyumba ile.

Mpangilio wa taswira

Hebu tutazame taswira zenyewe kwa utaratibu zinavyokuja. Kabla ya kufika Pate, mshairi anauonyesha ulimwengu kwa mifano kadhaa. Ulimwengu ni bahari iliyochafuka, yenye miamba. Ni kisima kisicho salama, ambacho mnyama mwenye pembe anakilinda, na anayekwenda kuteka maji hukutana na pembe hizo. Ni vumbi linaloonekana katika mwali wa jua liingiapo dirishani: mtu akinyosha mkono alishike, hapati kitu. Ni mangazimbwe, yule mwenye kiu akidhani ni maji. Mifano yote hii ina sifa moja. Tatizo halimo katika tabia ya mtu anayekwenda kisimani wala katika dhambi ya mwenye kiu. Kiu si kosa. Tatizo limo katika kile anachokiendea.

Kisha uhai wa binadamu unafananishwa na taa iliyo katika upepo, na tena na moto unaovuma kichakani, mvua ikashuka ukazimika. Mfano huu wa mwisho unastahili kutafakariwa na msomaji wa Ituri. Sisi tumezoea kuuona moto kama kitu kinachoangamiza nyumba. Katika ubeti huu moto ndio unaoangamizwa. Ni mfano wa mwenye nguvu, si wa adui yake. Moto wa adhabu upo, lakini mshairi anauweka mwisho kabisa wa utungo, katika Akhera. Hauwashi katika mitaa ya Pate.

Halafu anatajwa Nabii Sulaimani, aliyetawala watu na majini, ambaye dunia ilimwacha naye vilevile. Tunaona kwamba hapa ndipo penye ufunguo wa ufasiri wote. Kama kuanguka kungekuwa dalili ya uovu, mshairi asingemtaja Nabii kuwa mfano wake wa kwanza mkubwa. Alichagua mtu asiye na lawama ili msomaji asipate nafasi ya kusema: walioangushwa walistahili.

Ndipo zinakuja nyumba za Pate. Mshairi hakanushi kwamba wenyewe walitembea kwa maringo na kuinua shingo. Lakini anapoonyesha hasara yao, hatutajii akiba ya dhahabu wala idadi ya majahazi. Anatutajia taa zilizoufanya usiku kuwa kama mchana, vyombo vya kauri ya Kichina vilivyopangwa katika zidaka, yaani vile vishimo vilivyochongwa ukutani, na vitanda vilivyotandikwa vizuri. Hivi ni vyombo vya kukaribisha watu. Katika nyumba ya mawe ya pwani, zidaka zilikuwa mahali ambapo mgeni aliiona heshima ya mji. Sasa makinda ya ndege yanalala humo, popo wananing'inia juu, bundi wanalia, na wadudu wanavuma uani. Nyumba haikubaki bila wakaaji. Ilipata wakaaji wasioweza kumwitikia mgeni. Na wenyewe wameingia katika nyumba nyingine, yaani makaburi ya mchanga, ambamo hamna nafasi ya kumkaribisha mtu.

Tena katika sehemu hii hakuna vita. Shela haitajwi. Hakuna jeshi, hakuna ukuta ulioungua, hakuna aliyeshinda. Mtu anayetafuta sababu ya anguko la Pate katika beti hizi anaitafuta mahali ambapo mshairi hakuiweka.

Nafsi inayoambiwa

Jambo la pili ni nafsi inayoambiwa. Ili lieleweke, tulinganishe na tungo mbili nyingine maarufu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwita binti yake akaribie na kuchukua wino na karatasi. Mwishoni aliwaalika na wanawake wengine wausome. Anayeambiwa anajulikana, na mafunzo yanapaswa kupimwa kwa hali ya mama mgonjwa anayemwachia binti wasia. Naye Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alipoeleza vita vya Wajerumani katika pwani ya Mrima, vita vya miaka ya 1888 na 1889, aliyaelekeza maneno yake kwa jamii nzima, akawataja viongozi na maadui waziwazi. Hapo ni halali kutafuta lawama na sifa, maana mshairi mwenyewe anazigawa.

Katika Al-Inkishafi mshairi anauambia moyo wake mwenyewe. Ni kweli kwamba mwanzoni anatumaini utungo utamwangazia yeyote aliye katika giza la ujinga. Lakini karipio lote, na maswali yote makali, yanaelekezwa kwa moyo wake. Kama moyo huo hauamini, unaambiwa uende katika nyumba zile, uchungulie, uite, uone kama kuna wa kuitika. Moyo unatumwa kama shahidi, hautumwi kama hakimu. Aliyetumwa kuwa shahidi akirudi na hukumu juu ya wafu, amekwenda kinyume na alivyotumwa.

Kwa hiyo ufasiri unaosema “wao walijivuna, wakaangamia” umebadili nafsi ya utungo. Maneno yaliyoelekezwa kwa “wewe, moyo wangu” yamegeuzwa kuwa “wao, watu wa Pate”. Tofauti hiyo ya kisarufi ni ndogo kuandika, lakini inageuza mawaidha kuwa mashitaka.

Ufasiri huu na Ituri

Kiswahili cha Ituri hakikuja na tungo hizi. Kilikuja katika miaka ya 1880 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe waliotoka Manyema, kikaenea katika machimbo ya dhahabu ya Kilo na Moto, katika masoko na katika misheni. Mwanafunzi wa Bunia anakutana na Kiswahili cha kaskazini mwa pwani kama lugha ya mbali, na mara nyingi anakisoma kwa njia ya uchambuzi tuliyoirithi kutoka shule za Kifaransa, inayotenga maudhui na umbo. Njia hiyo ina faida zake. Hata hivyo inamhimiza mwanafunzi atoe haraka funzo moja la jumla, na funzo lililo karibu zaidi ni lile la kiburi na adhabu.

Katika mazingira yetu funzo hilo si la darasani tu. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 na kuendelea hadi 2003, kisha mapigano yaliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017, viliacha vijiji vingi bila watu. Nyumba zetu ni za udongo, za matofali na za mabati, hazina zidaka wala kauri. Nyasi huzifunika upesi kuliko popo wanavyoyajaza magofu ya mawe. Lakini hoja ya kwamba jirani ameanguka kwa sababu ya kiburi chake ni rahisi kutamkwa hapa kama popote, na kila upande unaweza kuitamka juu ya upande mwingine. Mwalimu anayelipokea jibu hilo kuhusu Pate bila kuuliza zaidi analipa heshima ya fasihi.

Tungependekeza basi kwamba somo la utungo huu lianze na maswali mawili kabla ya lile la dhamira. Kwanza, ni nani anayeambiwa katika kila sehemu? Pili, je, mshairi ameitaja sababu ya anguko, au sisi ndio tuliomwongezea? Mwanafunzi akimfikia Sulaimani kwa maswali hayo mkononi, hatakosa kuona kwamba mshairi amemzuia kuhukumu.

Haitoshi kusema kwamba Al-Inkishafi inafundisha upitaji wa dunia. Vitabu vingi hufundisha hilo. Sifa yake ni kwamba inamfundisha mtu namna ya kusimama mbele ya nyumba tupu ya mwenziwe: aite, asikie kwamba hakuna anayeitika, na swali linalofuata ajiulize mwenyewe.