Nani Anashika Daftari? Historia ya Pesa za Shule, Kutoka Sagalla Hadi Mbololo

Kila matokeo ya mtihani yakitoka, huku kwetu Mbololo mchezo ni ule ule. Mtu anapiga picha ya karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, anaitupa kwa grupu la WhatsApp la kijiji, na kabla chai haijapoa lawama zishagawanywa. Watoto wa siku hizi ni simu tu. Walimu ni wavivu. Wazazi hawajali.

Swali la pesa halijitokezi kabisa. Zilikuja ngapi? Zilitumika wapi? Nani alipitisha?

Mimi hili swali liliniingia nikiwa kidato cha tatu. Tulitumwa nyumbani tukaleta pesa za "mwalimu wa bodi", yaani wale walimu ambao serikali haijawaajiri, wanalipwa na wazazi. Nyanya yangu akauza mbuzi. Siku ya kwenda kulipa akauliza kwa heshima tu: hawa walimu ni wangapi, na kila mmoja analipwa ngapi? Akajibiwa, "Mama, hayo ni mambo ya ofisi." Akarudi na risiti na mimi nikarudi darasani. Jina la shule tuliache.

Kabla hujaniuliza digrii yangu ni ya nini: sina. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini nimekaa na hii historia muda mrefu, na nimegundua kwamba lile jibu la "mambo ya ofisi" halikuanza na huyo karani. Lina zaidi ya miaka mia moja.

Simama stendi ya Voi uangalie milima. Upande mmoja ni Mbololo, upande wa pili ni Sagalla. Hapo Sagalla ndipo mmishonari wa CMS, J. A. Wray, alifika mwaka 1883. Wakatoliki nao wakafungua misheni Bura mwaka 1892. Shule za kwanza za Taita zilitoka humo, na lengo lake halikuwa siri: mtu ajue kusoma ili asome Biblia. Uongozi nao ulikuwa rahisi sana. Mmishonari ndiye mwalimu mkuu, ndiye mhasibu, ndiye mkaguzi. Wenyeji walitoa ardhi, wakatoa mikono ya kujenga, wakatoa watoto. Daftari la hesabu lilikaa misheni.

Serikali ya kikoloni iliunda idara ya elimu mwaka 1911 na kuanza kuzipa misheni ruzuku. Mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes, na ndani yake alikuwa Dkt. James Aggrey kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Ndiyo, ule Aggrey wa shule ya Wundanyi. Tume ilipendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kwenye kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi Waafrika walitaka kitu kingine: watoto wao wasome vitabu vile vile walivyosoma watoto wa wazungu. Hakuna aliyewauliza, na mwenye pesa ndiye aliyeamua somo.

Miaka hiyo hiyo yakaanzishwa mabaraza ya wenyeji, ambayo yaliruhusiwa kutoza watu ushuru wa kujengea shule. Halafu mwaka 1934 zikaja bodi za elimu za wilaya, District Education Boards. Ukipita mahali Kenya hii ukaona kibao kimeandikwa "D.E.B. Primary School", hiyo si jina la mtu. Ni alama ya bodi hizo. Na mwenyekiti alikuwa nani? Mkuu wa wilaya, mzungu. Wamishonari walikuwa na viti vyao, na Waafrika wachache wakawekwa. Yaani mzee wa Mbololo alitozwa ushuru wa shule, halafu aliyeketi juu ya meza ya kuugawa ni mtu ambaye mzee huyo hakumchagua na hangeweza kumwondoa.

Usidhani watu walinyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Wataita, wengine wao waliosoma shule hizo hizo za misheni, waliunda Taita Hills Association. Walipigania ardhi na mifugo yao, wakatumia kalamu kuandika malalamiko. Serikali ikakipiga marufuku chama hicho mwaka 1940, pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Hapo ndipo nilipocheka kidogo. Uliwafundisha watu kuandika ili wasome Biblia, wakatumia herufi zile zile kukuuliza maswali, ukakasirika.

Uhuru ulipokuja, wimbo ulikuwa harambee. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilichora elimu ya taifa jipya, lakini pesa hazikutosha, kwa hivyo vijiji vikajijengea. Waulize wazee wako. Mawe yalibebwa kichwani, mchanga ulitolewa mtoni, mtu alichanga kuku. Kwa hizo shule za harambee, ninaamini ndipo mzazi alipokaribia zaidi lile daftari, kwa sababu mweka hazina alikuwa jirani yake na pesa zilihesabiwa mbele ya watu chini ya mti.

Lakini sheria ilikuwa inaelekea upande mwingine. Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaweka kamati za shule kwa msingi na bodi za magavana kwa sekondari. Kisha kuanzia mwaka 1970, mabaraza ya kaunti ya wakati huo yakanyang'anywa shule za msingi, zikaenda Nairobi. Sababu ilikuwa ya kweli, kwa sababu mabaraza mengi yalishindwa kulipa walimu. Ila tangu hapo, mwalimu wako anaajiriwa na kuhamishwa na ofisi iliyo mbali, na wewe unabaki na kazi ya kujenga choo.

Sasa fuata huu mtindo, maana unajirudia. Desemba 1973 Mzee Kenyatta akatangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imefutwa. Shangwe. Watoto wakafurika 1974, hakuna madarasa ya kutosha, shule zikaanza kutoza "pesa za majengo". Sehemu nyingine hizo pesa zilipita hata karo iliyofutwa. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na wazazi wakaambiwa wajenge darasa la nane na karakana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya ripoti ya Kamunge ya 1988, ikawa rasmi: tugawane gharama. Umeona? Jina la malipo linabadilika kila muhula wa historia. Anayelipa ni yule yule.

Halafu Januari 2003. Serikali ya Kibaki ikafungua milango ya shule za msingi, na kila mtoto akatengewa Sh1,020 kwa mwaka. Hapa nataka uwe makini, kwa sababu kuna jambo zuri ambalo watu wamesahau. Pesa ziliingia moja kwa moja kwa akaunti za shule, mbili: Sh650 za vitabu na vifaa, Sh370 za uendeshaji. Kamati ya shule, yenye wazazi ndani, ilikaa na walimu kuchagua vitabu vya kununua. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini angeweza kuuliza, "Vitabu vya darasa la tano viko wapi?" na swali likawa na mwenyewe pale pale.

Haikuwa peponi. Mwishoni mwa 2009 ilifichuka kwamba pesa za elimu bila malipo zilikuwa zimefujwa huko juu wizarani, na Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao. Pia kulikuwa na wizi wa vitabu huku chini. Lakini tiba iliyokuja ni ipi? Kuanzia 2018 wizara ikaanza kununua vitabu yenyewe na kuvisafirisha hadi shuleni. Vitabu vikaongezeka kweli, mimi siwezi kukataa. Ila lile swali la mama likahamia Nairobi, na nauli ya kwenda kuuliza ni yake.

Sasa turudi kwa hesabu za kijijini, maana hapa ndipo matokeo ya mtihani yanapoanzia. Pesa za serikali zinagawanywa kwa kichwa cha mwanafunzi. Inasikika kama haki, sivyo? Chukua hiyo Sh370 ya uendeshaji ya 2003. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 inapata Sh444,000 kwa mwaka. Shule ndogo ya mlimani yenye watoto 120 inapata Sh44,400. Gawanya kwa miezi kumi na mbili: Sh3,700 kwa mwezi. Humo ulipe mlinzi, umeme, maji, urekebishe paa na ununue chaki. Mlinzi wa watoto 120 hali chakula kidogo kuliko mlinzi wa watoto 1,200. Tangi la maji likipasuka halikuulizi idadi ya wanafunzi.

Viwango vimepanda tangu hapo. Sekondari za kutwa zilianza na Sh10,265 kwa mwanafunzi mwaka 2008, zikafika Sh22,244 mwaka 2018. Lakini kanuni ni ile ile: shule ndogo inaadhibiwa kwa udogo wake. Na udogo wa shule zetu si uzembe. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo tangu 1948, vijiji vimebanwa kati ya mbuga na milima, na kuna asubuhi mtoto hawezi kutoka kwa sababu ndovu wako njiani. Huwezi kumwambia aende shule kubwa ya mbali. Kwa hivyo pengo linazibwa na mzazi, kwa jina jipya: mwalimu wa bodi, motisha, masomo ya ziada. Mbuzi wa nyanya.

Kwa hiyo ile karatasi ya matokeo inapima zaidi ya akili ya mtoto. Na hata yenyewe usiiamini sana. Mwaka 2015 nchi nzima ilikuwa na alama za A zaidi ya 2,600 kwa KCSE. Mwaka 2016 udanganyifu ukabanwa, zikawa 141. Watoto hawakupoteza akili kwa miezi kumi na miwili.

Niwe mkweli pia kwa walimu wakuu. Shule nyingi ndogo hazina mhasibu. Mwalimu mkuu anafundisha hesabu asubuhi, mchana anaandika vitabu vya pesa, na pesa zenyewe zinachelewa hadi muhula unaisha. Wengi si wezi. Lakini daftari likifungwa, mwizi na mwaminifu wanafanana, na huyo mwaminifu ndiye anayeumia zaidi.

Na hapa kuna kitu ambacho mzee wa 1934 hakuwa nacho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema bodi ya shule iwe na watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Wafadhili, yaani mara nyingi kanisa, wana watatu. Walimu mmoja, bodi ya elimu ya kaunti mmoja, makundi maalum mmoja, watu wenye mahitaji maalum mmoja. Hao ni 13, na karibu nusu ni wazazi. Mwakilishi wa wanafunzi pia anaingia. Juu ya hapo, kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma. Shule ya serikali ni taasisi ya umma.

Shida ni kwamba siku ya kuchagua hao sita, mkutano una watu kumi na tano, wengi wao akina nyanya waliotoka shambani, na majina yameshapangwa tangu jana. Sisi vijana tuko wapi? Tuko mjini, tunasubiri picha ya matokeo tuweke emoji ya kulia.

Muhula ujao mdogo wako akitumwa nyumbani na kikaratasi cha pesa, usikimbilie kutuma M-Pesa halafu unyamaze. Tuma, kama unayo, mtoto asome. Kisha nenda kwa mkutano, au mpigie yule anayeenda, na muulize maswali matatu: zilikuja ngapi, zilitumika wapi, nani alipitisha. Kwa heshima, kama nyanya. Ukiambiwa ni mambo ya ofisi, waambie ofisi hiyo ilijengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani na watu wa hapa hapa.

Nyanya bado ana ile risiti. Ameiweka ndani ya Biblia.