Manjano ya mtoto mchanga: haki inayodai maandishi

Kifungu cha sheria kinachoweza kumtetea mtoto wa Lubumbashi aliyeharibiwa ubongo na manjano kina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910. Amri iliyoleta kifungu cha 258 cha sheria za kiraia za Kongo ni ya tarehe 30 Julai 1888, enzi za Mfalme Léopold II. Kinaagiza kwamba aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake sharti amlipe. Cha 259 kinaingiza uzembe, na cha 260 kinambebesha mwajiri makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Ndiyo maana mzazi anaweza kuidai hospitali, si mkunga peke yake.

Lakini hakimu hawezi kumlaumu mtu kwa kuacha tiba ambayo haijagunduliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Georg Schmorl alieleza jinsi rangi ya manjano ilivyopenya ndani kabisa ya ubongo wa watoto waliokufa. Ilikuwa bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini changa likishindwa kuyaondoa, hujaa mwilini. Mtoto huacha kunyonya, hulegea, kisha mgongo hupinda kama upinde na kilio huwa chembamba na kikali. Akipona, huenda akabaki kiziwi, na viungo vyake vikajinyonganyonga bila yeye kutaka. Katika miaka ya 1940, madaktari kama Louis Diamond wa Boston waliendeleza njia ya kubadilisha damu ya mtoto kupitia mshipa wa kitovu. Ilikuwa kazi ya hatari na ya wataalamu wachache.

Njia nyepesi ilionwa kwanza na muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti uani waote jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki na manjano mazito: pale ncha ya shuka ilipomfunika. Karibu wakati huohuo, chupa ya damu iliyosahaulika juani ilipimwa tena ikakutwa bilirubini yake imeshuka. Daktari Cremer wa hospitali hiyo na wenzake wakatengeneza kitanda chenye taa za buluu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Taa hizo zilipoenea mahospitalini, kumwacha mtoto bila tiba kulianza kuhitaji maelezo.

Wakati huo Elisabethville ilikuwa mji wa Union Minière, kampuni ya madini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni hiyo iliamua wafanyakazi wakae na familia zao kambini, na daktari wake Léopold Mottoulle akasimamia siasa hiyo. Wake wa wafanyakazi walijifungulia katika maternite za kampuni na watoto wakapimwa uzito kila mara, kwa maana kampuni iliwahesabu kama nguvukazi ya kesho. Ulikuwa ulezi wa bwana kwa mtumishi wake, lakini kila mtoto alikuwa na fishi yake, yaani kadi ya vipimo. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, iliurithi mfumo huo baada ya mwaka 1967. Kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990, na wafanyakazi wapatao 10,000 wakaagwa mwaka 2003, familia nyingi zilianza kulipia matibabu mfukoni.

Hapo ndipo manjano yanapopata nafasi. Kwa kawaida hupanda kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati mama amesharudi nyumbani akikwepa deni. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilizuru hospitali na zahanati zaidi ya 20 za Lubumbashi, likakuta zote isipokuwa moja zikiwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Mzazi aliyeponea kuzuiliwa atathubutu vipi kuishtaki hospitali?

Akithubutu, sheria itamdai mambo matatu: kosa, madhara, na uthibitisho kwamba kosa ndilo lililozaa madhara. Madhara yanaonekana. Ugumu uko katika hayo mengine, na nchi nyingine ziliupunguza kwa kuandika kanuni. Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2004, baada ya kuona ugonjwa umerudi kwa watoto waliotolewa hospitalini mapema. Uingereza mwaka 2010 iliagiza kwamba mtoto anayeonekana na manjano apimwe bilirubini ndani ya saa 6, na ndani ya saa 2 ikiwa hajatimiza siku moja. Wakili hutazama saa na karatasi, basi.

Wahudumu wa Lubumbashi nao wana hoja: umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, na taa haziwaki bila umeme. Lakini mwaka 2015 watafiti walioshughulika Lagos walionyesha kwamba jua lililochujwa kwa utando maalumu wa plastiki linafanya kazi sawa na taa, mtoto akiwa chini ya uangalizi. Kukosa umeme kunaweza kueleza kwa nini taa haikuwashwa. Hakuelezi kwa nini mtoto hakukaguliwa, wala kwa nini hakupewa rufaa.

Sheria ipo tangu 1888 na tiba tangu 1958. Kinachokosekana ni maandishi. Basi mzazi, kabla ya kutoka maternite, omba mwanao akaguliwe kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakitokea kabla ya saa 24, au mtoto akigoma kunyonya, usisubiri kesho. Na kila kipimo kiandikwe kwenye fishi yake pamoja na tarehe na saa. Fishi hiyo itamsaidia daktari wa pili kumwokoa, na ikibidi, itamsaidia hakimu kuamua.