Risasi na Nguruwe wa Meru

Msomaji akisimama Daraja Mbili, mjini Arusha, alfajiri ambapo mawingu hayajaufunika mlima, ataona juu ya mapaa ya mabati ule msitu mweusi uliouzunguka Meru kiunoni, na aghalabu hatafikiri kwamba ndani yake wamekaa tangu dahari nguruwe pori, ambao pengine wamemtia mkulima wa mlimani hasara kubwa kuliko simba na chui. Maana simba huja akaondoka na ng'ombe mmoja, ilhali nguruwe huja kwa makundi usiku wa manane, wakaangusha mahindi na kufukua viazi, na kukicha wamekwisha rejea msituni. Habari za silaha walizopigwa nazo wanyama hawa hudhaniwa kuwa habari za ustadi wa wawindaji. Kwa rai yangu ni habari za sheria zaidi: ni nani aliyeruhusiwa risasi gani.

Wazee wa Kimeru na Kiarusha walimkabili nguruwe kwa mikuki, mbwa na mitego. Bunduki zilitoka pwani, na zilikuwa nyingi: mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Kiingereza Unguja, alikadiria kwamba silaha za moto zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000. Miaka miwili baadaye, kwa Mkataba wa Brussels wa 1890, madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zisimfikie Mwafrika, lakini yakaacha mlango wazi kwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Kusudio lilikuwa vita na biashara ya watumwa. Nguruwe hakutajwa, walakini yeye naye alipata fadhila ya mkataba ule.

Kwani gobore, lishindiliwalo kwa mdeki kupitia mdomoni, hurusha tufe la madini ya risasi tupu, laini na la polepole. Likimpata nguruwe ubavuni hubapa mara moja, likaacha jeraha pana lisilo na kina. Na ngozi yake ni ngumu, manyoya yake yamegandamana tope, na moyo wake umekaa chini sana, mbele, nyuma tu ya kiwiko cha mguu, umekingwa na mfupa wa bega. Fauka ya hayo, mafuta yaliyo chini ya ngozi huliziba tundu, damu isidondoke, na mfuatiliaji akapoteza njia. Dume aliyejeruhiwa hivyo akijificha kichakani humngoja mtu, na meno yake hupasua paja kama wembe.

Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900, tayari ilikuwako amri ya 1896 ya gavana wao Wissmann iliyomtaka kila mwindaji awe na leseni, ila kwa nyani, wanyama wakali, nguruwe na ndege wengi. Basi nguruwe alikuwa halali kwa kila mtu, ila silaha ya kumwulia haikuwa ya kila mtu. Hata askari wa serikali wengi walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi mwingi, na baadhi yao waliingia nayo vitani mwaka 1914. Makaburu waliotoka Transvaal tangu 1904 na kukaa kaskazini ya Meru, na mlowezi wa Kijerumani Margarete Trappe aliyefika 1907 na kupata sifa ya uwindaji kule Momella, wao walizikuta zama za baruti isiyo na moshi, ambayo ilimpa mwindaji kasi ambayo gobore haliwezi kuiota.

Kasi hiyo ilileta tatizo lake. Risasi tupu haistahimili mwendo ule, hivyo ikavikwa koti la shaba. Na risasi iliyovikwa koti zima humpita mnyama kama sindano, naye akakimbia mbali kabla ya kuanguka. Dawa yake ilikuwa kuiacha ncha bila koti ili ifunguke mwilini, jambo ambalo kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kilijipatia jina kwalo. Mkutano wa Hague wa 1899 ukaiharimisha risasi ya namna hiyo vitani kwa kuwa ni ukatili kwa binadamu, ilhali porini mwindaji huihesabu kuwa rehema, maana humwua mnyama upesi. Mimi sioni kinyume hapo: askari hutaka adui aondoke vitani, mwindaji hataki mnyama aondoke.

Lakini hata ncha laini ilikuwa na aibu yake kwa nguruwe, kwani ikifunguka upesi mno hupasuka begani, vipande visifike moyoni. Ndipo Mmarekani John Nosler alipoanza kuuza, mwaka 1948, risasi iliyokatwa kwa ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele ikafunguka na ya nyuma ikabaki nzima kusukuma ndani.

Elimu hii haikupanda mlima. Wameru na Waarusha walibanwa baina ya msitu wa akiba juu na mashamba ya walowezi chini. Nguruwe alishuka kwao, na bunduki nzuri zilibaki kwa jirani. Kreta ya Ngurdoto, ubavuni mwa Meru, ilipofanywa hifadhi mwaka 1960, nguruwe akapata maficho yasiyoguswa. Serikali ilifunga uwindaji nchini mwaka 1973, ikaufungua tena 1978, na wageni wakaanza kupita tena Arusha na bunduki zao za .375, waelekeapo mbugani.

Magobore ya siri yaundwayo kwa mabomba ya maji hayajaisha Tanzania, na mara nyingi hutiwa golori au vipande vya nondo. Chuma hicho hakibapi wala hakifunguki; kikikosa moyo, nguruwe huondoka nacho.