KUULIZA KWA DAKIKA
Historia ya bei ya jawabu katika zama za mwanzo za kompyuta

Elimu ni neema, na katika adabu za neema ni mtu kujua imemfikiaje na nani aliyeigharimia. Vijana wetu wanaosoma ufundi wa kompyuta hukwama katika kazi zao, huandika swali, na kabla kahawa haijapoa jawabu limekwisha wafikia. Hawalipi kwa jawabu lenyewe, na wengi wao hudhani kuwa mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Sivyo. Palikuwa na wakati, na si wa mbali, ambapo mtunzi wa programu aliuliza swali lake huku saa ya malipo inamhesabia kila dakika. Khabari hii ina mafunzo, na inagusa mas'ala ambayo wanavyuoni wetu waliyazungumza karne nyingi kabla ya kompyuta: ni kipi katika elimu kinachofaa kulipiwa, na ni nani apasaye kulipa?

Mwanzo wa kompyuta za watu binafsi huhesabiwa kuwa ni Januari 1975, ilipotangazwa huko Marekani kompyuta ya Altair 8800, iliyouzwa vipande vipande kwa dola 397, mnunuzi akaiunga mwenyewe. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, wapenzi wa ufundi huu walikutana katika gereji ya mmoja wao mjini Menlo Park, California, wakaanzisha chama cha Homebrew Computer Club. Humo mwenye kujua alimwelekeza asiyejua, na programu zilipita mkono kwa mkono bila ya malipo.

Lakini Februari 1976 kijana mmoja, Bill Gates, aliwaandikia watu hao barua ya wazi. Alilalamika kwamba lugha ya BASIC waliyoitengeneza yeye na wenzake kwa ajili ya Altair ilikuwa inanakiliwa ovyo, na kwamba wenye Altair walioinunua hawakufika hata mmoja katika kumi. Aliuliza ni nani awezaye kufanya kazi ya kitaalamu bure. Wengi walimkasirikia. Sisi tuseme kwa uadilifu kwamba hoja yake ilikuwa na uzito, maana Uislamu umehimiza mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini hoja hiyo ilikuwa juu ya kazi ya kutengeneza. Ama bei ya kuuliza ni mlango mwingine, nao ulifunguka muda mchache baadaye.

Tarehe 16 Februari 1978, mjini Chicago, Ward Christensen na Randy Suess waliwasha kompyuta iliyoungwa na simu kwa chombo kiitwacho modemu, ili yeyote apige simu, asome ujumbe wa wengine na aache wake. Ulikuwa ni kama ubao wa matangazo msikitini, ila huu ulisomwa kwa simu. Wenyewe hawakutoza kitu, mpigaji alilipa simu yake tu. Lakini simu ilikuwa moja, na aliyepo ndani humzuia aliye nje.

Mwaka 1979 yalikuja makampuni. CompuServe ya Columbus, Ohio, ilikuwa na kompyuta kubwa zilizokodishwa mchana na wafanya biashara na kulala bure usiku. Ikaanza kuukodisha usiku huo kwa watu wa majumbani. Humo yakaundwa mabaraza ya kila fani, na makampuni ya programu yakafungua mabaraza ya kuwajibu wateja wao. Mwaka 1985 General Electric nayo ilifungua GEnie, na Apple ikafungua AppleLink juu ya kompyuta za General Electric hiyo hiyo, huduma iliyokuja kutumiwa na watunzi wa programu za Macintosh. Mabaraza haya yalikuwa hazina kubwa, kwani mtunzi aliye peke yake chumbani aliweza kumfikia mtu aliyekijua chombo chake kuliko yeye.

Sasa tuitazame bei. Katikati ya miaka ya 1980, CompuServe ilitoza usiku kama dola 6 kwa saa kwa modemu ya biti 300 kwa sekunde, na dola 12.50 kwa ile ya biti 1200. Modemu ya kwanza hupitisha herufi kama 30 kwa sekunde, na ukurasa mmoja wa herufi 2,000 huchukua zaidi kidogo ya dakika moja, yaani kama senti 11. Mwenye kuandika swali lake polepole kwa dakika kumi amekwisha toa dola moja kabla hajajibiwa neno. Na akitaka kuchukua programu ya kurekebisha kosa, yenye herufi 100,000, atangoja karibu saa nzima kwa modemu ya kwanza, na kama dakika 14 kwa ya pili, kwa dola tatu hivi. Juu ya hayo kuna simu yenyewe, kwa aliyekaa mji usiokuwa na kituo cha karibu. Na wa nchi za Ulaya waliongezewa malipo ya mitandao ya kupitia.

Watu walifanya nini? Walijifunza kubana. Zilitungwa programu maalumu, mojawapo TAPCIS, zilizopiga simu, zikachota ujumbe wote kwa haraka na kukata. Mtu akasoma na kuandika majawabu yake kwa utulivu bila ya kuhesabiwa, kisha programu ikapiga tena na kuyapeleka. Basi uhodari mwingi ulitumika katika kuikimbia saa. Na mwenye mfuko mwepesi alinyamaza na swali lake, akahangaika nalo wiki nzima. Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa katika hesabu yoyote: swali lililomfia mtu kifuani kwa kuogopa bei.

Tuyapime haya kwa mizani ya fikhi. Wanavyuoni wametenga ijara na juala. Ijara ni malipo ya manfaa yanayojulikana, kama kukodi nyumba kwa mwezi. Juala ni malipo ya kupatikana jambo, kama kumwambia mtu: ukiniletea ngamia wangu aliyepotea nitakupa kadha. Malipo ya CompuServe yalikuwa ijara ya njia na kompyuta, nayo kwa asili yake haina ubaya, kwani mitambo na waya vina gharama. Lakini muulizaji hakuwa akitafuta njia, alitafuta jawabu. Alilipa akiuliza, akalipa tena kesho yake akija kutazama kama amejibiwa, akalipa hata kama hakujibiwa. Kila jawabu likichelewa au likiwa refu bila ya faida, kampuni ilizidi kupata. Mapato yakifungamana na mashaka ya mtu, moyo hujaribiwa.

Na kuna lililo zito zaidi. Mara nyingine kosa halikuwa la mtunzi, lilikuwa ndani ya bidhaa aliyoinunua. Akalipa kwa dakika ili ajue kwamba chombo alichouziwa kina aibu. Wote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) katika soko la Madina, alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta ndani kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kutoliweka lililolowa juu watu wakaliona. Kuibainisha aibu ya bidhaa ni deni la muuzaji, wala hapasi mnunuzi kulipishwa ili aibainishiwe. Makampuni mengine yaliutambua wajibu huu: WordPerfect ya Utah iliweka simu za msaada ambazo gharama yake aliibeba muuzaji.

Ama waliojibu mabarazani, wasimamizi walipata sehemu ya mapato, na wasaidizi wengi walipewa kuingia bure tu. Wengine walijibu kwa kupenda kheri. Kampuni ya America Online nayo iliwatumia watu wa kujitolea kwa maelfu, mpaka mwaka 1999 baadhi yao wakaishtaki kwamba walifanya kazi ya kuajiriwa bila ya ujira. Shauri hilo lilikwisha 2010 kwa suluhu ya dola milioni 15. Hapa tunaona upande wa pili wa dhulma: muulizaji ametozwa, na mjibu hakulipwa.

Wasidhani watu kwamba tunaharamisha ujira wa elimu. Katika mwaka wa 2 wa Hijra (624), baadhi ya mateka wa Badr waliokosa mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Imam Malik na Imam Shafi waliruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani. Mahanafi wa mwanzo waliukataa, na waliofuatia wakauruhusu walipoona posho za walimu zimekatika na elimu inaogopewa kupotea. Kinachotisha ni onyo lililokuja katika hadithi juu ya mwenye kuulizwa elimu akaificha.

Kwa hivyo yafaa tuwataje waliotafuta njia ya kati. Tangu 1984 mtandao wa FidoNet, alioutunga Tom Jennings, ulifunga ujumbe wa watu wengi furushi moja na kuupeleka usiku, simu ikiwa rahisi. Ndio uliofika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jitihada za kituo cha mazingira cha ELCI. Na mwaka 1989 kampuni ya Cygnus ilianza kuuza msaada wa programu ambazo asili yake iko wazi kwa kila mtu. Aliyetaka kujisomea alijisomea, na aliyetaka mtaalamu amfanyie kazi alimlipa. Elimu haikufichwa wala mtaalamu hakudhulumiwa.

Saa ya malipo ilisimama kwa wateja wa America Online Desemba 1996, kampuni hiyo ilipoweka dola 19.95 kwa mwezi bila ya kuhesabu saa. Mwaka 2008 ukaja uwanja wa Stack Overflow, ambao majawabu yake husomwa bure. Lakini mzigo haukuondoka duniani, umehama mabega. Anayekujibu bure ametoa umri wake, na umri ni mali isiyorudishwa.

Basi, kijana, ukipata jawabu lishukuru, na siku ukijua wewe, mjibu asiyejua. Na wewe mwenye duka la ufundi, toza kazi yako kwa haki, lakini usimlipishe mtu kwa kumwambia aibu ya kile ulichomuuzia. Na sisi walimu tujiulize kama yuko mwanafunzi anayekaa kimya darasani mwetu kwa kuogopa ada, maana swali lake tutaulizwa sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manfaa, na atuepushe na kuificha. Amin.